Mashine Iliyotaka Kushikwa

Hili jambo nimelificha kwa watu wa Katandala karibu mwaka mzima, na hata leo nisingelisema kama si shemeji yangu kulitoa juzi harusini mbele ya watu ambao wengine ni wateja wangu, kwa hiyo bora mlisikie kutoka kwangu mwenyewe, na kama ni kucheka mcheke nikiwa nimekaa hapa hapa, maana kuchekwa nikiwa sipo nimeshachoka.

Mimi, kama mnavyojua, ni fundi simu na redio. Lakini kwa miaka miwili nilikuwa na kazi yangu ya pembeni pale chumbani (mke wangu Skola aliiita mke mwenza, na wala hakuwa anatania sana), nayo ni mashine ya kuchonga mbao yenyewe. Msifikirie kitu kikubwa. Ni meza ya vyuma na mota tatu, moja inapeleka kulia na kushoto, nyingine mbele na nyuma, nyingine juu na chini, na katikati kuna drili yenye biti kali inayozunguka na kula mbao. Akili yake ni kompyuta ndogo, bodi ya ukubwa wa pakiti ya sigara, ambayo niliifungia ndani ya bati la biskuti ili isiingie vumbi. Hiyo kompyuta inatuma ishara za umeme kwa waya kwenda kwenye bodi nyingine inayoendesha mota: piga hatua moja, piga nyingine, geuka, rudi. Bodi ikisikia vizuri unapata ua juu ya ubao, isiposikia vizuri unapata kuni.

Sasa baba mkwe wangu, Mzee Aloisi wa Kasense, ni seremala, na nikisema seremala sina maana ya mtu wa kupigilia misumari tu. Milango ya nyumba nyingi za Kasense imetoka mkononi mwake, na madhabahu ya kigango chao aliitengeneza yeye. Miaka miwili kabla ya haya alipata kiharusi kidogo, akapona, ila mkono wa kulia ukabaki unatetemeka, akishika patasi inacheza, akiiweka chini mkono unatulia, utadhani unamfanyia makusudi. Kigango kilikuwa kinajiandaa na jubilei, mimbari mpya ilihitajika, na mzee alishaahidi kabla hajaugua kwamba uso wa mimbari atauchonga yeye. Ubao alikuwa nao, mninga mmoja mpana uliokaa juu ya dari la jiko lake miaka na miaka ukinywa moshi. Mchoro pia alikuwa nao, aliuchora kwa penseli wakati mkono bado mzima: masuke ya ulezi yameinama kuzunguka kikombe. Kamati ilitaka zabibu na ngano kama makanisa mengine, akawajibu, "Zabibu nimeziona kwenye picha. Ulezi nimeulima."

Basi siku moja tumekwenda kuwasalimia, akaniita pembeni.

"Mwanangu," akasema, "mkono umenigomea. Hiyo mashine yako inaweza kuwa mkono?"

Nikasema inaweza, baba. Ubao ulikuwa huo mmoja, mchoro huo mmoja, na kazi yenyewe wote tulijua itakuwa ya mwisho kwake, ingawa hakuna aliyelitamka hilo. Nilirudi Katandala na mchoro.

Niliupiga picha mchoro, nikaufuatisha kwenye kompyuta suke kwa suke, nikaujaribu nyumbani kwenye mbao za paini. Nilijaribu mara nane. Mara zote nane ulezi ulitoka hadi punje, Skola mwenyewe (ambaye si mtu wa kusifia mke mwenza) akasema umependeza. Nikampigia katibu wa kigango, Bwana Fidelis, nikamwambia kwa kujiamini kabisa kwamba iko tayari. Akasema Jumamosi watu wote watakuwa pale kwa usafi wa mwisho, kwa hiyo nichonge palepale barazani pa kanisa, wanakigango waone. Mimi moyoni nilitaka kuchongea ndani ya karakana ya mzee, milango imefungwa. Lakini mzee alikuwa amekaa pembeni ya katibu na simu iko kwenye spika, na nikamsikia anasema polepole, "Ndiyo, waone kazi ya mkwe wangu." Sasa hapo ungesemaje.

Meza ya vyuma ilitangulia Ijumaa kwa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Jumamosi asubuhi mimi na Skola tukachukua bodaboda, na hapa ndipo penyewe, hapa ndipo nilipojichimbia shimo kwa mikono yangu. Nyumbani nilikuwa natumia skrini kubwa, nzito, niliyoinunua kwenye kafe ya intaneti iliyofungwa, inachomekwa ukutani kwa waya wake na kwenye kompyuta kwa kebo yake. Bodaboda akaitazama ile skrini, akanitazama mimi na begi la vifaa, akamtazama Skola, akakuna kichwa.

"Nitaipakata mimi," Skola akasema.

"Iache," nikamwambia. "Nitatumia simu, inaunganisha kwa waifai, ni kitu kile kile."

Kitu kile kile. Na kwa kuwa umeme wa kule niliambiwa unachezacheza, nikaona kompyuta niiwashe kwa powabenki ili isizimike katikati ya kazi, mota tu ndizo zichukue umeme wa kanisa. Nilijiona nimefikiri vizuri sana njia nzima, huku ule upepo wetu wa Julai ukitukata masikio.

Tulipofika Kasense uwanja ulikuwa umejaa. Kina mama wanafagia, vijana wanapaka chokaa, kwaya inafanya mazoezi ndani na kinanda chao na spika mbili. Mzee Aloisi alikuwa ameshawekewa kiti barazani, amevaa koti lake la Pasaka, ubao umelala mapajani mwake ameufunika kwa kitenge. Nikamwamkia, akaitikia, akaufunua ubao, akaupapasa mara moja kwa mkono unaotetemeka, akanipa. Nikaufunga mezani kwa klampu, halafu (hapa nilifanya jambo moja la akili, lihesabuni maana ni hilo tu) nikasema kwanza tuijaribu mashine hewani, biti ikiwa juu, isiguse mbao.

Nikabonyeza simu. Mashine ikaenda hatua tatu kulia vizuri kabisa, halafu ikatetemeka mahali pamoja kama mtu mwenye homa, halafu ikarudi kushoto bila kuagizwa, ikasimama. Watu wakapiga makofi. Walidhani ndivyo inavyoanza.

Nikatabasamu, na mgongoni jasho likaanza, licha ya ile baridi.

Nikajisemea ni waya umelegea barabarani. Nikafungua bati, nikakaza kila kitu, nikajaribu tena, ikatetemeka. Nikabadilisha kebo nzima, nilikuwa na ya akiba, ikatetemeka. Nikachukua mita nikapima umeme unaotoka kwenye kompyuta, uko sawa, nikapima unaoingia kwenye mota, uko sawa, kila kitu kikiwa peke yake kizima na vikikutana vinagombana. Hapo watu wameshaacha kufagia wamekuja kusogelea, na mimi kadiri macho yalivyoongezeka ndivyo akili ilivyopungua. Nikaanza kutafuta mchawi nje ya mashine. Nikamwomba katibu awaambie watu wazime simu, labda zinaingiliana na ishara. Katibu akapanda ngazi ya kanisa akatangaza kwa sauti ya tangazo la ndoa, na watu zaidi ya mia moja wakazima simu. Ikatetemeka. Nikasema basi ni spika za kwaya, zinavuruga umeme. Kwaya ikanyamazishwa katikati ya wimbo, kinanda kikachomolewa, wanakwaya wakatoka nje wote na sare zao kuja kuona ni nini kimewakatiza. Ikatetemeka. Nikaomba ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara, nikaizungushia kebo, na kwa kuwa ni uwanja wa kanisa ikachukua muda mpaka mtu akakubali kwamba yeye ndiye mwenye sigara.

Kwa hiyo mpaka saa tano nilikuwa nimezima simu za watu, nimenyamazisha kwaya na nimemuumbua mvutaji mmoja, na bado sijachonga hata punje moja ya ulezi.

Mzee alikaa ameegemea fimbo, anatazama mikono yangu, na kutazamwa mikono na seremala ni jambo zito.

Hapo ndipo, katika kuinama kuokota bisibisi, nikayumba, mkono wa kushoto nikaushikilia kwenye bati la biskuti na wa kulia kwenye fremu ya mashine, nisianguke. Mashine ikatulia. Ikaanza kwenda kama ilivyokuwa inakwenda nyumbani, laini, kulia, mbele, juu, chini, inachora ulezi hewani. Nikaachia, ikatetemeka. Nikashika, ikatulia. Nikarudia mara tatu mbele ya watu wote bila kufikiria wanaona nini.

Jamani, sisi ni watu wa Sumbawanga, na sifa tuliyopewa ya uchawi mnaijua. Nilipokuwa nasoma Mbeya wenzangu waliniuliza miaka miwili mfululizo kama nyumbani naenda kwa basi au kwa ungo, na nilishazoea kujibu kwamba ungo ulikuwa umejaa. Sasa nimesimama barazani pa kanisa, nyumbani kwa wakwe, na mashine ambayo inatii nikiiwekea mikono na inapandisha mashetani nikiitoa. Nikasikia mama mmoja wa nyuma anamwambia mwenzake, "Umeona? Mpaka aishike." Na mwenzake akajibu, "Nimeona. Nyamaza."

Katibu Fidelis akanisogelea, akashusha sauti. "Fundi, hiyo ya kuishika ni kawaida?"

Hapa ndipo nilipotakiwa kusema: katibu, sio kawaida, kuna kitu sijakielewa, naomba tuahirishe mpaka Jumatatu. Maneno yalikuwepo, yalifika hadi kwenye meno. Nikamtazama mzee na koti lake la Pasaka, nikatazama lile kundi, nikaona aibu imenivaa mwili mzima.

"Kawaida kabisa," nikasema. "Mashine za aina hii lazima zishikwe."

"Hata ikitikisika na kupiga kelele?"

"Hata ikipiga kelele. Yote ni kawaida."

Naye, kwa kuwa ni katibu, akageuka akawatangazia.

Nikashusha biti kwenye ubao wa mzee. Najua, najua. Nilishajua kwamba mkono wangu ndio unaoshikilia kila kitu na sijui kwa nini, lakini nilipiga hesabu kwamba kazi ni saa mbili na nusu, na saa mbili na nusu mtu anaweza kusimama. Mkono wa kushoto kwenye bati, wa kulia kwenye fremu, miguu nimeitanua, mwili umeinama kidogo kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano. Mninga ukaanza kutoa unga mwekundu na harufu yake ile nzuri, na suke la kwanza likatokea. Mzee akasogeza kiti. Akainama akalitazama, akapuliza unga, akasema, "Ndilo hilo." Kwa nusu saa nzima nilikuwa na hofu na furaha vimechanganyika mpaka sikujua kipi ni kipi. Suke la pili, la tatu, ukingo wa kikombe.

Halafu wazee wakaanza kuja kunisalimia.

Wa kwanza alikuwa mwenyekiti wa kigango, mtu mzima, mvi tupu. Akaja na mkono ameunyoosha. "Shikamoo," nikasema, nikampa kiwiko. Akakitazama kile kiwiko. Akakigusa kwa vidole viwili, akaondoka hajaitikia. Nikaona mzee anatazama chini.

Skola akaja pembeni yangu, akanong'ona bila kufungua meno. "Baba Neema, umemnyima mkono mwenyekiti."

"Siwezi kuuachia."

"Umesema ni kawaida tu."

"Mama Neema, niache kwanza."

"Baba anaona aibu," akasema, na sauti yake ilikuwa imeanza kulowa. "Wanasema amepata mkwe asiye na adabu."

Akaondoka. Mikono ilikuwa inauma, shingo imekakamaa, upepo unanipulizia unga machoni na siwezi kujipangusa, na sasa nilikuwa na hofu mbili, ya ubao na ya jina la mzee. Nikaapa moyoni kwamba akija mzee mwingine nitamweleza kwa upole, nitaomba radhi kwanza, nitasema baba, nisamehe, mikono iko kazini.

Aliyekuja ni Bibi.

Bibi Veronika ndiye mama mzazi wa Mzee Aloisi. Umri wake hakuna anayeujua sawasawa, hasikii vizuri na macho yameingia ukungu, na alikuwa hajatoka nyumbani kwake tangu mwaka ule wa ugonjwa wa mzee. Lakini aliambiwa kazi ya mwanawe inachongwa leo, akasema apelekwe. Nikaona watu wanapisha njia, nikaona wajukuu wawili wamemshika huku na huku, na Bibi anakuja moja kwa moja kwangu, amenyoosha mikono yote miwili, uso umefunguka. Sasa, kwa familia ile, Bibi hasalimiwi kwa mdomo tu. Unachutama, unapiga makofi taratibu, halafu unapokea mikono yake kwa mikono yako miwili na huiachii mpaka aachie yeye. Hata Skola aliponipeleka mara ya kwanza kujitambulisha, hilo ndilo alilonifundisha njiani, mengine alisema nitajifunza polepole.

Ndugu zangu, sikuamua. Ningekuwa nimeamua ningewaambia. Macho yangu yalikutana na ya mzee, na yalikuwa yananiomba, na nilipokuja kujitambua nimeshachutama, nimeshapiga makofi, na mikono ya Bibi imo ndani ya mikono yangu, midogo na ya baridi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mkwe. Hamjambo huko Katandala?"

Nyuma yangu mashine ikatetemeka.

"Hatujambo, bibi."

"Na mtoto?"

"Hajambo, bibi." Ile sauti ya mota ilibadilika. Nilikuwa naijua, ni sauti ya biti inayozama kwenye mbao kuliko ilivyoagizwa.

"Anasoma?"

"Anasoma, bibi."

"Mahindi mlivuna?"

"Tulivuna, bibi." Ikaanza kukwaruza, ndefu, inakwenda upande. Nilivuta mikono kidogo, kidogo tu, na Bibi akaikaza, akidhani naona haya.

"Na maharage?"

Na watu zaidi ya mia moja wamesimama wanatazama, hakuna hata mmoja aliyepiga kelele, kwa sababu fundi mwenyewe alishawaambia kupitia kwa katibu kwamba ikitikisika na kupiga kelele ni kawaida. Wengine walikuwa wananitazama kwa kuridhika, mkwe kumbe ana adabu. Harufu ya mninga unaoungua ikanifikia puani.

"Na maharage pia, bibi," nikasema, "tumeshukuru Mungu."

Akaachia. Nikaruka. Nikatoa simu mfukoni niisimamishe mashine, simu ikataka alama ya kidole, na kidole kimejaa unga wa mbao, nikakipangusa kwenye suruali, suruali nayo imejaa unga, simu inaniambia jaribu tena. Kumbe mzee alishanyanyuka. Alikuwa amejikongoja na fimbo yake hadi mlangoni pa kanisa, akashika waya wa ekstensheni kwa ule mkono wa kulia, akauchomoa. Mashine ikafa.

Mfereji wenye kina cha nusu kidole ulikuwa umeanzia kwenye suke la tatu, ukakata ukingo wa kikombe, ukaenda hadi pembe ya chini ya ubao, mweusi kwa kuungua. Mzee akarudi, akainama, akaupitisha kidole mwanzo hadi mwisho.

"Ulijua?" akaniuliza.

Watu wote walikuwa wanasikia. Nikasema, "Nilijua kuna kitu, baba. Sikujua ni nini."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu nilipoishika mara ya kwanza."

"Kwa nini hukusema tusimame?"

"Niliona aibu."

Akatikisa kichwa taratibu, kwa muda mrefu. Hakukasirika, angekasirika ningepumua. "Mimi nimekaa na mkono huu miaka miwili," akasema, "kila siku nawaambia watu umeharibika, siwezi. Umefikiri mimi sioni aibu?"

Akaufunika ubao kwa kitenge chake, akamshika mama yake mkono, wakaondoka. Watu wakatawanyika mmoja mmoja. Kwaya haikuendelea kuimba. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya kanisa na kama kungekuwa na basi la kwenda mbali, hata kule Msanzi tu, ningepanda bila begi.

Skola akaja akakaa. Alikuwa ameshalia na kunawa. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza ili tu aseme kitu, "Kule nyumbani kulikuwa na nini ambacho hapa hakipo?"

Nikafungua mdomo nimjibu kwa hasira, nikaufunga. Skrini.

Niwaeleze kwa kifupi, maana ni aibu ya fundi na hamna haja ya kuibeba yote. Ishara ya umeme haiendi peke yake, inataka njia ya kurudi, yaani waya wa hasi unaounganisha pande mbili ili zikubaliane sifuri yao iko wapi. Bila huo ni sawa na kumwambia mtu apande ngazi tatu na hujui amesimama ngazi ya ngapi. Mimi nilipounganisha nyaya za ishara niliusahau waya huo, na nyumbani sikugundua kwa sababu kebo ya skrini ilikuwa inaifanya kazi hiyo kimyakimya, inaishika kompyuta upande mmoja na ethi ya ukutani, yaani waya wa ardhini, upande wa pili, na mashine nayo imeshika ethi hiyo hiyo. Kasense skrini haikuwepo, kompyuta iko kwenye powabenki inaelea tu, na aliyebaki kuwa waya ni mimi. Nilitoa kipande cha waya kwenye begi, kirefu kama kiganja, nikaunganisha bati, ambalo hasi ya kompyuta ilikuwa imeligusa kwa skrubu zake, na fremu. Nikaenda kuomba umeme tena, nikaiwasha hewani. Ikachora ulezi wote, mwanzo hadi mwisho, mimi nimekaa kwenye ngazi mikono mapajani. Niliitazama mpaka mwisho na sikufurahi hata kidogo.

Jumatatu nikaenda kwa mzee na ubao mpya, mninga safi nilioununua mjini. Nilimkuta karakanani, ambako vijana walishaleta ubao wa kwanza na mashine yangu. Nikamweleza habari ya waya bila kupunguza kitu. Akasikiliza yote, akautazama ubao niliokuja nao, akauegemeza ukutani.

"Huo utatengenezea meza," akasema. "Sisi tuna ubao wetu."

"Baba, una mfereji."

"Nimeuona. Nilikuwepo." Akaufunua ule wa kwanza. "Endelea ulipoishia. Na safari hii mtu akija, mimi ndiye nitakayemsalimia."

Tukafunga milango, tukamaliza. Ulezi ulitoka, kikombe kilitoka, na ule mfereji ukabaki pale pale, umepita katikati ya vyote. Nilitaka kuujaza kwa gundi na unga wa mbao, mzee akakataa. Hakunieleza sababu, nami sikuwa na uso wa kuuliza.

Siku ya jubilei padre alikuja kuibariki mimbari. Kanisa limejaa hadi madirishani, mimi nimejificha nyuma ya nguzo. Padre akausifu ulezi, akasema hajawahi kuuona kanisani na hajui kwa nini. Halafu akauona mfereji, akauwekea kidole, akaufuata hadi kwenye pembe. Akageuka kwa mzee aliyekuwa amekaa mbele.

"Na huu mstari, Mzee Aloisi, una maana gani?"

Nikajibanza zaidi kwenye nguzo. Mzee akasimama, akajiegemeza kwenye fimbo.

"Hapo, padre," akasema, "mkwe wangu alikuwa anamsalimia mama."

Kanisa zima likacheka, na mwenyekiti wa kigango alicheka kuliko wote, mpaka akatoa leso. Watu waligeuka kunitafuta, na ile nguzo ilikuwa nyembamba kuliko nilivyodhani. Bibi, aliyekaa pembeni ya mwanawe, akauliza watu wanacheka nini, ikabidi mjukuu amwambie sikioni kwa sauti ambayo wote tuliisikia. Akafikiri kidogo.

"Lakini alinisalimia vizuri," akasema.

Tangu siku ile kazi yoyote ninayoifunga naanza na waya wa hasi, hata kama ni redio ya kubadilisha swichi. Na mteja akiniuliza kama kitu chake kiko tayari na mimi nina wasiwasi hata wa punje, namwambia hakiko tayari, kuna kitu sikielewi, rudi kesho. Wengine wananuna, wengine wameshahamia kwa fundi mwingine. Wahame tu. Kila Jumapili tukienda Kasense nakaa kwenye benchi natazama mbele, na pale mbele kuna mfereji wenye kina cha nusu kidole ambao ungeweza kuwa sentensi moja ya kumwambia katibu.